SULTANI WA MSOWERO: UHAKIKI WA MAJINA TUNAYOWAPA WATU

UTANGULIZI

Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania amefundishwa kwamba tarehe 29 Novemba 1884 Mjerumani Dakta Carl Peters alitiliana sahihi mkataba na Mangungo, anayetajwa katika hati hiyo kuwa ni Sultani wa Msowero katika Usagara. Msowero ipo hata leo katika Wilaya ya Kilosa, kando ya barabara itokayo Dumila kwenda mjini Kilosa. Jina la Mangungo nalo lipo hata leo, lakini limekuwa tusi. Kila mara taifa linapobishana juu ya mkataba wa madini au wa bandari, hakosi msemaji wa kulalamika kwamba tumempata Mangungo mwingine, naye akisema hivyo hahitaji kueleza zaidi. Kila mtu huelewa kwamba anayetajwa ni Mwafrika mjinga aliyeigawa nchi asijue alichokuwa akikifanya.

Makala hii haikusudii kuisimulia upya habari hiyo, maana wanahistoria wamekwisha kuifanya kazi hiyo. Tunakusudia kuihakiki hati yenyewe kama maandishi, na hasa maneno yale machache yanayomtaja mtu na watu wake. Kisha tutayafuata majina mengine yaliyowapata watu wa eneo lile lile la Kilosa baada ya Mangungo, hadi tufike katika Biblia tunayoisoma madhabahuni. Hoja yetu ni moja. Jina tunalolipa kabila au rangi ya watu ni ushuhuda juu ya jirani, na kila ushuhuda huwa ama wa kweli ama wa uongo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuwa suala la siasa au la elimu ya jamii, jambo hili liko chini ya amri ya nane.

1. HATI NA MANENO YAKE

Hati ya Msowero ni fupi. Inasema kwamba Sultani Mangungo, kwa niaba ya watu wake wote, na Dakta Peters, kwa niaba ya wenzake wa sasa na wa baadaye, wanafanya mkataba wa urafiki wa milele. Halafu Mangungo anaitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa Chama cha Ukoloni wa Kijerumani. Mwishoni imeandikwa kwamba mkalimani Ramazan alimfafanulia Sultani maneno hayo waziwazi, na kwamba Sultani alipoulizwa alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Unguja, wala hakujua hata kwamba yupo.

Tulitazame kwanza neno «Sultani». Katika jamii za milima ile, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na nchi ilisimamiwa na wakuu wa koo na wa vijiji. Mkuu wa namna hiyo alikuwa na heshima yake, pengine heshima kubwa, lakini ardhi haikuwa mali yake ya kumpa mgeni. Sultani je? Katika sheria ya mataifa ya Ulaya ya wakati ule, Sultani ni mwenye enzi, na mwenye enzi anaweza kuitoa nchi. Basi cheo hicho hakikuandikwa ili kumheshimu Mangungo. Kiliandikwa kwa sababu bila cheo hicho karatasi isingekuwa na nguvu Berlin. Peters alihitaji muuzaji mwenye mamlaka ya kuuza, na kwa kuwa hakumkuta, alimwumba kwa kalamu.

Neno la pili ni «Usagara». Wasafiri na wapagazi wa njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Tabora na Ujiji, walizoea kuita Usagara milima yote ile bila kutofautisha sana. Lilikuwa jina la upande, kama mtu asemavyo «bara» au «mrima». Katika hati za safari ile limegeuka kuwa jina la nchi yenye mipaka na mwenyewe, ambaye katika hati nyingine anatajwa kwa jina la Mwinyi Sagara. Kwa sikio la Mswahili hilo nalo lasikika kama cheo zaidi kuliko kama jina la mtu.

La tatu ni ule ushuhuda kwamba Mangungo hakupata kusikia habari za Sultani wa Unguja. Ni vigumu kuusadiki. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wakipita katika nchi zile miaka mingi, na mkalimani mwenyewe alikuwa na jina la Kiislamu kama la watu wa pwani. Lakini ushuhuda huo ulikuwa na kazi yake, yaani kuyaondoa madai ya Unguja. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Majina manne yalitosha kuwafanya watu wasiohesabika kuwa raia wa chini ya dola ambayo hawakuijua.

Hapa inatupasa kujihakiki sisi wenyewe. Juu ya yaliyosemwa siku ile, shahidi tuliye naye ni karatasi ya Peters, naye ndiye aliyefaidika nayo. Peters mwenyewe alieleza kwamba katika safari ile alichanjiana damu na baadhi ya wakuu. Mtu aliyechanjiana na mgeni humpokea kuwa ndugu, akampa mahali pa kukaa na chakula cha kula. Hamwachii nchi ya wazee wake. Yawezekana sana kwamba Mangungo alifanya urafiki, na Peters akaandika uuzaji. Tunapomcheka Mangungo, basi, twamsadiki Peters. Tumeupindua ubaya wa mwizi tukamvika aliyeibiwa, na kisha jina la marehemu tumelifanya alama ya ujinga.

2. KABILA LILIVYOPATA MIPAKA

Miaka miwili tu baada ya hati ile, yaani mwaka 1886, mmisionari J. T. Last, aliyefanya kazi Mamboya, alitoa kitabu cha sarufi ya Kikaguru. Tazama basi: watu wa milima ile ile, ambao Peters aliwaweka katika Usagara, sasa wanaonekana kuwa Wakaguru wenye lugha yao. Hatusemi kwamba Last alikosea. Lugha ile ilikuwako, na kazi yake ilikuwa ya upendo kwa wenye kuisema. Twaonyesha tu kwamba jina lililoonekana kuwa la milele lilibadilika mara tu mwenye kuandika alipobadilika, kwa kuwa kazi iliyokusudiwa ilikuwa nyingine.

Waingereza nao walikuja na kazi yao. Gavana Donald Cameron alianzisha utawala wa kupitia wenyeji, na sheria yake ya mwaka 1926 ilitaka kila eneo liwe na mamlaka ya kienyeji iliyosimama juu ya kabila. Mahali ambapo hapakuwa na mtawala mmoja, alitafutwa. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya historia ya Tanganyika, ameonyesha kwamba makabila mengi kama tuyajuavyo yalijengwa katika kipindi hicho, na kwamba Waafrika wenyewe walishiriki kuyajenga, maana kuwa na kabila kulikuwa ndiyo njia ya kusikilizwa na serikali.

Jambo hili la pili lisisahauliwe. Si kweli kwamba majina yote yametoka kwa wageni, nasi tulikuwa tumelala. Tuliyapokea, tukayatumia, tukayapenda, na mengine yametuletea mema. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake. Hata hivyo, kilichofutwa katika fomu ya serikali hakikufutwa katika kinywa cha jirani.

3. MANAMBA, MFUGAJI, MANG'ATI

Kilosa ilikuwa mojawapo ya wilaya za mkonge. Mashamba makubwa yalichukua ardhi nzuri ya mabondeni, na wafanyakazi wake walitoka mbali, kutoka pande zote za nchi. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizoandikiwa katika mikataba yao ya kazi. Hatujui mfano ulio wazi zaidi wa hoja yetu. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina, ukoo na lugha, akafika mkongeni akawa namba, na namba ikawa kama kabila. Wajukuu wa manamba wengi wangali hapo. Wamezaliwa hapo, wazazi wao wamezikwa hapo, lakini ugomvi wa shamba ukizuka wao nao wanaweza kuulizwa kwao ni wapi.

Upande wa pili wako wafugaji. Wale wanaojiita Ilparakuyo, wenye kusema Kimaa, wameitwa na majirani zao na na waandishi kwa majina mengi: Wakwavi, Wahumba, Walumbwa, au Wamasai tu. Jina «Wakuafi» liliingia katika vitabu vya Ulaya kwa mkono wa Johann Ludwig Krapf, aliyechapisha msamiati wa lugha yao huko Tübingen mwaka 1854. Krapf alikuwa mmisionari wa kwanza wa zama hizi katika pwani yetu, nasi twamheshimu. Lakini kichwa cha kitabu chake chenyewe chaonyesha majina mawili: moja ni lile ambalo wenyewe waliiitia lugha yao, Iloikop, na la pili ni lile walilopewa na wengine. Lililoshika ni hili la pili.

Wako pia Wabarabaig, ambao ni Wadatoga. Wengi wao walihama kutoka Hanang baada ya malisho yao kuchukuliwa na mashamba makubwa ya ngano tangu miaka ya 1970, na baadhi walifika hadi Mkoa wa Morogoro. Huku wanaitwa Wamang'ati. Neno hilo limetoka katika Kimaa, na maana yake ni adui. Tufikiri maana ya jambo hili kwa mchungaji. Mtoto wa Kibarabaig anafika kisimani apate kubatizwa, na mzee wa kanisa, bila nia mbaya yo yote, anamtambulisha kwa usharika kuwa ni mtoto wa Kimang'ati. Asemalo kwa kweli ni hili: huyu ni mtoto wa adui.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno matupu. Kilosa imekwisha kuonyesha kwamba sivyo. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kisicho mbali na Msowero, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Wanawake na watoto walikuwamo. Mwezi Oktoba 2008 damu ilimwagika tena upande wa Mabwegere, nyumba zikachomwa, na mwaka uliofuata wafugaji wengi wakaondolewa wilayani pamoja na mifugo yao. Vinywani mwa watu sababu ilikuwa moja tu: Wamasai ndivyo walivyo, au wakulima ndivyo walivyo. Lakini wataalamu Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2009, waliona mambo mengine: malisho yaliyopungua, sera zilizouona ufugaji wa kuhamahama kuwa ni ushamba, na rushwa iliyozifanya pande zote mbili zisiamini tena ofisi wala mahakama. Hapo ndipo kosa la jina linapodhihirika. Jina la kabila lilieleza kila kitu, na kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuliza nani alikula rushwa.

4. JINA KATIKA BIBLIA YETU

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuwalaumu Peters, Cameron na wenye mashamba. Lakini hukumu huanza katika nyumba ya Mungu. Twende katika Waraka kwa Wakolosai, sura ya 3, mstari wa 11, mahali ambapo Mtume anaorodhesha tofauti zisizo na nguvu tena ndani ya Kristo. Katika Kiyunani, baada ya Myunani na Myahudi, yanafuata majina mawili, barbaros na Skythes. La kwanza lilimaanisha mtu asiyesema Kiyunani. La pili ni jina la taifa, yaani Waskithi waliokaa upande wa kaskazini wa Bahari Nyeusi, ambao Wayunani waliwadharau kupita kiasi. Katika Tafsiri ya Union, ambayo sharika zetu nyingi huisoma, la kwanza limekuwa «mgeni», na mahali pa Mskithi pamewekwa «Mshenzi».

Tunaielewa nia ya wafasiri. Msomaji wa Pwani hakumjua Mskithi, lakini alimjua mshenzi. Na alimjua kuwa nani? Katika lugha ya pwani ya siku zile watu walikuwa waungwana au washenzi, na washenzi walikuwa ndio watu wa bara, waliopitiwa na misafara na ambao watumwa walitolewa kwao. Kwa maneno mengine, mshenzi alikuwa mtu wa Msowero. Hivyo Mtume alitaja jina la taifa lililodharauliwa ili alirudishie heshima katika Kristo. Tafsiri yetu imeliondoa taifa ikayaacha madharau. Msomaji wa leo husikia kwamba hata mtu asiye na adabu hupokewa na Kristo. Jambo hilo ni kweli, lakini silo alilosema Paulo. Paulo alisema kwamba wale tuliowaita wasio na adabu wana jina lao, nao wamo.

Tusome pia Matendo ya Mitume 10:28. Nyumbani mwa Kornelio, Petro anakiri kwamba Mungu amemwonya asimwite mtu ye yote mchafu wala najisi. Twaomba wanafunzi wetu walitazame hilo tendo la kuita. Maono ya nguo kubwa yalihusu vyakula, lakini Petro alielewa kwamba yalihusu majina. Kuongoka kwa Kornelio kulitanguliwa na kuongoka kwa ulimi wa Petro.

5. PINGAMIZI MBILI

Pingamizi ya kwanza ni kwamba bila majina hatuwezi kuishi, na kwamba Maandiko yenyewe huyaheshimu. Hili twalikubali. Katika Ufunuo 7:9 makutano mbele ya kiti cha enzi wanaonekana wakiwa watu wa mataifa, makabila na lugha zao. Mbinguni hakuna aliyenyang'anywa Kikaguru chake. Wala hatutaki umoja ule unaomtaka mdogo aache kwao ili afanane na mkubwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Yasemwa kwamba anayekataza kutaja rangi au kabila mara nyingi ni yule aliyekwisha kufaidika nayo. Weusi wa Marekani wamelishika jina la rangi yao kwa sababu dhuluma waliyotendewa ilitendwa kwa jina hilo, na kulifuta leo kungekuwa kuifuta hesabu ya deni. Hili nalo ni kweli. Ndiyo maana hatuseme kwamba majina yafutwe. Tunasema yajaribiwe. Jina alilolishika mwenyewe ili adai haki yake si sawa na jina alilobandikwa ili anyimwe haki hiyo. Katika Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho katika miaka ya 1930; mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, neno moja katika kadi hiyo lilitosha kumwua mtu. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa.

6. AMRI YA NANE

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaifafanua amri ya nane kwa pande mbili. Tusimzushie jirani wala kumharibia jina. Tena tumtetee, tumseme vema na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Kwa kawaida tumeyafundisha haya kana kwamba jirani ni mtu mmoja tu, na uongo ni masengenyo ya kisimani. Lakini kundi zima nalo laweza kushuhudiwa uongo, na uongo wa namna hiyo ni mgumu kukanushwa, maana hauna siku uliosemwa wala mtu aliyeusema. Umo ndani ya jina.

Luther mwenyewe aliivunja amri hiyo alipoandika juu ya Wayahudi mwaka 1543, na makanisa ya Kilutheri yamekwisha kuyakana maandishi yale. Mwaka 1933, wakati Kanisa la Ujerumani lilipotaka kuwaondoa katika huduma wachungaji wenye asili ya Kiyahudi, Dietrich Bonhoeffer aliona kwamba imani yenyewe iko hatarini, kwa kuwa jina la damu lilikuwa limewekwa juu ya ubatizo. Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira kuwa Rais wake, na likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Kusini mwa Afrika ni jambo la ukiri wa imani. Tunajivunia kwamba neno hilo lilisemwa katika nchi yetu. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Rudewa ni safari ya siku moja, na ukiri wetu haujafika huko. Tuliweza kuiona dhambi katika jina la rangi lililoandikwa na Kaburu katika sheria. Hatujaiona katika jina la kabila tunalolitamka sisi wenyewe kwenye baraza ya usharika.

Kwa hiyo twapendekeza kila jina la kundi lijaribiwe kwa maswali matatu kabla halijatumika katika mahubiri, katika darasa la kipaimara au katika kitabu cha usharika. Nani alilitoa? Lilitolewa lifanye kazi gani? Na je, mwenye kuitwa hivyo hujiita hivyo mwenyewe, mbele ya watoto wake na mbele za Mungu? Jina «Sultani» la Msowero lingeanguka katika maswali yote matatu. «Mang'ati» nalo litaanguka. «Mkaguru» na «Mparakuyo» yanaweza kusimama, maana wenyewe wameyapokea, lakini hayo pia yataanguka siku yatakapotumiwa kueleza mauaji badala ya kuyachunguza.

HITIMISHO

Haitoshi kuagiza kwamba tuwapende majirani. Watu wa Kilosa wamehubiriwa upendo kwa zaidi ya karne moja. Kinachotakiwa ni mchungaji wa mahali pale, anayewazika wafu wa pande zote mbili, kujua kwamba kinywa chake kinashuhudia kila anapotaja jina la watu. Aanze na dogo: amwulize mfugaji aliyekaa benchi la nyuma kwamba watu wake hujiitaje, na alitumie jina hilo Jumapili ijayo mbele ya wakulima.

Na sisi tunaofundisha na kuandika tuanze na Mangungo. Alipokea wageni, na jina lake likaandikwa katika karatasi asiyoweza kuisoma, kwa cheo ambacho hakuwa nacho. Hatuwezi kumrudishia nchi. Tunaweza kuacha kumshuhudia uongo.